Nyumba Huuzwa Pamoja na Ahadi Zake

   Kama bado uko jikoni, malizia kugeuza samaki wako, kisha sogeza kiti karibu na redio. Leo tuna jambo la kuzungumza polepole.

Leo nataka tuzungumze juu ya kununua nyumba ya kwanza ya kupangisha. Simaanishi kiwanja kitupu, wala nyumba mpya inayonukia rangi. Namaanisha nyumba ambayo siku unayoinunua, tayari kuna mtu anapika ndani yake, kuna mtoto anafanya kazi za shule barazani, na kuna kufuli la mtu mlangoni. Nyumba yenye mpangaji.

Tuanze na mfano. Mwalimu mmoja, tumwite Mwalimu tu, ameweka akiba miaka mingi, akajumlisha na mkopo wa chama cha akiba na mikopo. Anatafuta nyumba hapa kwetu Mwisenge, kando ya Ziwa Viktoria. Dalali anampeleka kwenye nyumba ile tuliyoizoea: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani choo na jiko. Mwenye nyumba anakaa vyumba viwili na familia yake, vinne vina wapangaji. Dalali anamwambia, "Mwalimu, hii nyumba inajilipa yenyewe. Vyumba vimejaa. Unasaini leo, kesho unakula kodi."

Unasaini leo, kesho unakula kodi. Je, ni kweli?

Msikilizaji, hapo ndipo ninapotaka tutulie. Wazee walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Ukifungua hii ya Mwalimu, utakuta ndani yake kuna ahadi. Mwenye nyumba anayeuza amewaahidi watu mambo. Kuna aliyeahidiwa kukaa mpaka Desemba. Kuna aliyeahidiwa kukatiwa fedha alizotumia kuzibua choo. Na wazee hao hao walisema ahadi ni deni. Mimi naongeza dogo tu: deni la nyumba huhama pamoja na nyumba. Nitairudia kauli hii mara kadhaa jioni ya leo, maana ndiyo mazungumzo yetu yote.

Haya, jambo la kwanza. Kodi imelipwa mpaka lini?

Hapa kwetu unajua jinsi tunavyopanga. Wenye nyumba wengi hawapokei kodi ya mwezi mmoja. Wanataka miezi mitatu, miezi sita, wengine mwaka mzima, tena mbele, kabla hujaingiza godoro. Sasa fikiri. Mpangaji amelipa mwaka mzima mwezi wa kwanza. Nyumba inauzwa mwezi wa nne mwishoni. Miezi minane iliyobaki, fedha yake iko wapi? Imo mfukoni mwa anayeuza. Pengine haimo hata mfukoni, imeshakwenda kwenye ada ya shule na matibabu.

Tupige hesabu ndogo ya mfano, huna haja ya kalamu. Vyumba vinne, kila kimoja 30,000 kwa mwezi. Hiyo ni 120,000 kwa mwezi. Kwa miezi minane ni 960,000. Karibu milioni moja, msikilizaji. Mwalimu wetu aliambiwa kesho atakula kodi. Kumbe kodi ya miezi minane imeshaliwa na mwingine, na yeye ana mkopo unaokatwa kwenye mshahara kila mwisho wa mwezi. Mwezi wa tano unafika, anagonga mlango wa chumba cha kwanza, mama wa watu anamwonyesha karatasi: "Mimi nimelipa mpaka Desemba." Mwalimu anapandwa na hasira. Lakini hasira hiyo aielekeze wapi? Yule mama hajamkosea. Ametimiza sehemu yake yote, tena kabla ya wakati.

Dawa yake ni nyepesi, ila itumike kabla ya kulipa. Uliza kila chumba kimelipwa mpaka tarehe gani. Jumlisha kodi ya siku zilizobaki. Kisha umwambie anayeuza, "Mzee wangu, kiasi hiki ni cha siku ambazo nyumba itakuwa yangu. Tukitoe kwenye bei, au unikabidhi." Anayeuza kwa nia njema hatakataa, maana ni haki. Akikataa kabisa hata kuzungumza, basi umejifunza jambo juu yake kabla fedha yako haijatoka.

Jambo la pili. Mkataba wa mdomo nao ni mkataba.

Wengi tunadhani mpangaji asiye na karatasi hana haki yoyote. Siyo hivyo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka mauzo ya nyumba yawe kwa maandishi. Ukinunua nyumba kwa mdomo, umejitia kitanzi. Lakini upangaji wa muda mfupi, ule usiozidi mwaka mmoja, sheria hiyo hiyo inaruhusu ufanywe kwa maandishi au kwa mdomo. Kwa hiyo yule kijana wa bodaboda wa chumba cha nyuma, aliyepatana na mwenye nyumba wakiwa wamesimama chini ya mwembe, ana mapatano yanayotambulika.

Na muda ule wa mapatano ukiwa haujaisha, mwenye nyumba mpya anayakuta na kuyapokea. Hili si la kwetu peke yetu. Nchini Ujerumani, kanuni yao ya sheria za kiraia, iliyoanza kutumika mwaka 1900, ina kipengele kinachojulikana hata na watu wa kawaida: ununuzi hauvunji upangaji. Nyumba ikiuzwa, mnunuzi anaingia kwenye viatu vya muuzaji, na mpangaji anabaki pale pale alipokuwa. Deni la nyumba huhama pamoja na nyumba.

Sasa kama mapatano mengine yako midomoni mwa watu, utayajuaje? Utawauliza wenyewe. Kabla hujalipa, omba kwa anayeuza muda wa kukaa na kila mpangaji, na yeye mwenyewe awepo. Uliza mambo manne tu. Unalipa kiasi gani? Umelipa mpaka lini? Uliweka fedha yoyote ya dhamana? Na kuna jambo lolote mlilokubaliana na mzee hapa?

Hilo swali la nne usiliache, nakuomba. Humo ndimo yanamotoka yaliyofichika. Mmoja atakuambia, "Mimi niliweka nondo dirishani kwa fedha yangu, tukakubaliana nikatwe miezi miwili." Mwingine atasema, "Mzee aliniruhusu kuuza mkaa hapo barazani." Yaandike yote kwenye daftari, kila mpangaji asaini mbele ya anayeuza, naye asaini. Mali bila daftari huisha bila habari. Mwalimu wetu, mtu wa daftari maisha yake yote, akilisahau daftari siku hiyo, atalikumbuka akiwa mbele ya baraza la ardhi.

Jambo la tatu. Ukitaka mpangaji atoke, unafanyaje?

Hapa nazungumza kwa uchungu kidogo, msikilizaji, maana mambo haya tunayajua. Mtu amenunua nyumba, anataka chumba kwa ajili ya mdogo wake. Mpangaji anasema muda wangu haujaisha. Basi bati linaezuliwa. Mlango unang'olewa. Umeme unakatwa. Vyombo vya mama wa watu vinawekwa nje, mvua ya vuli inatoka ziwani, godoro linalowa, watoto wanaangalia. Je, huo ni umiliki? Huo ni uonevu, nao unaweza kukufikisha pabaya. Sheria ya Ardhi inampa mpangaji anayelipa kodi haki ya kukaa kwa utulivu bila kubughudhiwa na mwenye nyumba. Na pale unapopangisha sehemu tu ya jengo, kama vyumba hivi vyetu, paa, kuta kuu na mifereji ni jukumu lako. Sheria imekupa kazi ya kulitengeneza bati lile, wewe unalitoa!

Njia iliyonyooka ipo. Kama mapatano ni ya muda maalumu, subiri muda wake. Kama mnakwenda mwezi kwa mwezi, toa notisi ya maandishi isiyopungua mwezi mmoja, inayoishia siku ya kulipa kodi. Kama mmelipana kwa miezi mitatu mitatu, notisi nayo iende na miezi hiyo. Una haraka sana? Zungumza. Mrudishie kodi yake iliyobaki na umwongezee nauli ya kuhamisha mizigo. Mara nyingi hiyo ni nafuu kuliko kesi.

Mkishindwa kabisa kuelewana, kuna Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha, halitoi hukumu. Likishindwa kuwapatanisha, mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Hata kama kesi ni yako na haki ni yako, safari hiyo ni ndefu. Na ukumbuke, ile sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005. Siku hizi kinachokulinda wewe na kinachomlinda mpangaji ni Sheria ya Ardhi na yale mliyokubaliana. Ndiyo maana narudia: andika.

Jambo la nne, nitalipita haraka. Je, anayekuuzia ana haki ya kuuza?

Omba hati na ufanye upekuzi ofisi ya ardhi, ujue jina lililoandikwa ni la nani na kama nyumba imewekwa rehani. Kama mwenye jina amefariki, anayeuza lazima awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kuwa mtoto mkubwa hakutoshi. Kama familia inaishi humo, kama ilivyo kwenye nyumba ya mfano wetu, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mwenzi aridhie. Usimpe mume fedha huku mke yuko uani anatwanga, hana habari kwamba paa lililo juu yake limeuzwa.

Na kwa kuwa sisi ni watu wa ziwani, pima umbali kutoka majini. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ile nyumba nzuri ya kutazama machweo inaweza kuwa ndiyo yenye matatizo. Mwaka 2020 tuliona Ziwa Viktoria likipanda na kuingia kwenye makazi ya watu. Ziwa lina kumbukumbu ya mipaka yake.

Na nani atakuambia maji yalifika wapi? Dalali? La. Mpangaji! Msikilizaji, yule mtu tuliyekuwa tunamwona kama mzigo uliokuja na nyumba ndiye shahidi wako bora. Anajua bati lipi linavuja upepo wa ziwani ukivuma. Anajua choo hujaa mwezi gani. Anajua majirani wanagombana na mwenye nyumba juu ya mpaka upi. Mwulize kwa heshima, atakuambia.

Jambo la tano ni fedha ndogo ndogo zinazoleta ugomvi mkubwa.

Lugha yetu hapa ina mtego, maana kodi ni ya mpangaji kwa mwenye nyumba, na kodi ni ya serikali vilevile. Tuzitenganishe. Kodi ya majengo, tangu Agosti 2021, inakatwa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikawa 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka. Sasa nani ananunua umeme? Mpangaji. Kwa hiyo mpangaji ananunua umeme wa 5,000, anakatwa kodi ya jengo ambalo si lake. Kisheria kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Ni fedha kidogo, ndiyo, lakini kidogo hicho kikikatwa kila mwezi kimyakimya kinazaa kinyongo. Mwenye nyumba muungwana anasema mapema, "Ile ya LUKU tutaihesabu kwenye kodi yako." Neno hilo linakupa wapangaji wanaokaa miaka.

Kuna pia pango la ardhi, linalolipwa na mwenye hati kila mwaka. Hakikisha anayeuza hakuachii malimbikizo. Kuna bili ya maji, nayo itazamwe kabla ya kukabidhiana. Na mapato yako ya upangishaji nayo yana kodi yake, asilimia 10, kwa Mamlaka ya Mapato, TRA. Fika ofisini kwao uulize utaratibu kabla hawajakufuata. Ukishatoa hayo yote, toa na fedha ya bati na ya fundi bomba. Kinachobaki ndicho chako. Hapo ndipo utaona kama ile nyumba kweli inajilipa.

Sasa, msikilizaji, kabla hatujaagana, nipe dakika chache nikukumbushe jambo linaloihusu Mwisenge yenyewe.

Mwaka 1934 mtoto mmoja alitoka Butiama akaja kusoma hapa, katika shule ambayo leo tunaiita Shule ya Msingi Mwisenge. Mtoto huyo ni Julius Nyerere. Miaka 33 baadaye, mwaka 1967, likatoka Azimio la Arusha chini ya uongozi wake, na miongoni mwa miiko ya viongozi ulikuwamo huu: kiongozi asiwe na nyumba ya kupangisha. Wenye umri wanaukumbuka. Mwaka 1991, kule Zanzibar, chama tawala kikalegeza miiko ile, na leo mwalimu, nesi, askari au diwani anaweza kuwa na nyumba yake akapangisha bila kosa lolote.

Na mwaka 1971 Serikali ilitaifisha majumba ya kupangisha yenye thamani kuanzia shilingi 100,000. Wapangaji walilala wakiwa chini ya mwenye nyumba mmoja, wakaamka chini ya mwingine: Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 kazi hiyo ikahamia Shirika la Nyumba la Taifa. Wamiliki walibadilika mara mbili, lakini ndani ya vyumba vile watu waliendelea kupika na kulea.

Kwa nini nakukumbusha haya? Sisemi turudi huko. Mimi nafurahi sana mtu wa kipato cha kawaida akipata nyumba ya kumsaidia uzeeni. Nakukumbusha kwa sababu mwiko ule ulibeba swali ambalo halijafutwa na mwaka 1991. Swali ni hili: ukiwa na nyumba ambamo mwenzako analala, utamtazama kama nani? Unapokea jasho la mvuvi aliyekesha ziwani, na la mama aliyeanika dagaa tangu alfajiri. Fedha ile ina uzito. Ruhusa ya kuwa mwenye nyumba tunayo. Uungwana wa kuwa mwenye nyumba tuutafute wenyewe.

Basi tukusanye tulichosema. Moja, uliza kodi imelipwa mpaka lini, na ya siku zako itolewe kwenye bei. Mbili, mapatano ya mdomo nayo ni mapatano: kaa na kila mpangaji, andika, msaini. Tatu, mpangaji hatolewi kwa kuezua bati. Kuna muda, kuna notisi, kuna baraza. Nne, hakikisha anayeuza ana haki ya kuuza, na pima mita zako kutoka ziwani. Tano, hesabu kodi zote za serikali na matengenezo kabla hujahesabu faida. Na juu ya yote matano, deni la nyumba huhama pamoja na nyumba.

Sasa ile siku yenyewe imefika. Mwalimu wetu ameshalipa, karatasi zimesainiwa. Afanye nini? Namshauri hivi. Mwenye nyumba wa zamani awaite wapangaji wote ukumbini, na mjumbe wa mtaa awepo. Aseme kwa kinywa chake, "Huyu ndiye mwenye nyumba wenu kuanzia leo. Kodi ijayo mpeni yeye." Kila mmoja apewe barua yenye maneno hayo, jina la mwenye nyumba mpya na namba yake ya simu, ili asije mtu mwingine akadai kodi kwa ujanja. Mwalimu asome lile daftari mbele yao: wewe umelipa mpaka Desemba, wewe utakatwa miezi miwili ya nondo, wewe mkaa wako barazani nimeuona. Watakaposikia ahadi zao zikisomwa na mtu mgeni, mioyo itatulia.

Na kesho yake, akija kutazama lile bati linalovuja, hati ikiwa kabatini na jina likiwa lake, asimame mlangoni kwanza. Apige hodi. Nyumba ni yake, lakini ndani kuna wenyeji. Wakimwitikia karibu, akaingia akakuta kiti kimeshafutwa vumbi, basi ameinunua vizuri.